Cherehani ya Merle Hostetter

Ijumaa ile Merle Hostetter aliamka saa kumi na nusu alfajiri, saa nzima kabla ya kawaida yake, na sababu ilikuwa ubao. Jumatano uongozi ulikuwa umeupigilia kwenye lango la kiwanda: MAGARI NA PIKIPIKI ZA KIGENI MARUFUKU KUEGESHWA HAPA. Tangu siku hiyo mwenye chombo cha kigeni aliegesha kwenye uwanja wa kinu cha zamani, nusu maili kutoka langoni, halafu akatembea. Mtu mwenye miguu miwili anatumia dakika nane. Merle alikuwa na mguu mmoja na robo tatu. Jumatano alichelewa dakika kumi na moja, Alhamisi akachelewa sita. Na pale Redfern ukichelewa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, unachukua koti lako unakwenda zako.

Mkewe, Arlene, alikuwa mezani akijidunga sindano yake ya asubuhi ya kisukari.

"Mwambie Haas habari za mguu," alisema.

"Haas anajua, mama. Alikuwa amesimama pale pale sanduku lilipoanguka."

"Basi mkumbushe! Wewe kila kitu asante, kila kitu samahani. Watakumeza hivi hivi unawashukuru."

Merle alicheka kidogo, akambusu utosini, akatoka. Bima ya kiwanda ndiyo iliyolipia zile chupa za Arlene zilizokaa kwenye friji pembeni ya siagi. Bila kiwanda hakuna bima, na bila bima duka la dawa wangemtajia bei ambayo hata kuirudia ni aibu. Hilo walilijua wote wawili, hawakuwa na haja ya kulisema kila siku.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ndogo, ya Kijapani, ya rangi ya maziwa, imetumika miaka tisa. Sisi tuliiita cherehani kwa mlio wake. Sisi ni watu tuliounda Redfern, pikipiki ya kilo mia tatu inayonguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini, na mtu wa Redfern kupanda kitu kama kile tuliona ni kutukojolea mezani. Hakuna aliyejisumbua kuuliza kwa nini. Sanduku lile la mwaka sabini na tisa lilichukua vidole vitatu vya mguu wa kushoto wa Merle, na gia ya Redfern lazima uinyanyue kwa vidole vya mguu huo huo. Ya ile ndogo unakanyaga tu, mbele kwa wayo, nyuma kwa kisigino, basi. Alizunguka nusu nzima ya Pennsylvania akitafuta mashine ya namna hiyo iliyoundwa hapa kwetu. Hakuna aliyeiunda.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini alipita langoni akichechemea, koti limelowa jasho mgongoni ingawa baridi ilikuwa kali.

"We Merle!" mlinzi, Purcell, alimwita kutoka kibandani. "Cherehani imeshakula wali wake leo?"

"Imekula, Purcell, asante kwa kuuliza. Mjukuu amepona kikohozi?"

Purcell akampungia mkono apite, maana mjukuu alikuwa amepona kweli. Ndivyo alivyokuwa Merle. Wazazi wake walikuwa watu wa kanisa la Mennonite, wasiopigana, wasioapa, wasiomrudishia mtu neno baya. Yeye aliacha kwenda kanisani tangu ujana lakini ulimi ulibaki kule. Ukimtukana atakushukuru. Ukimwomba kitu asichotaka kutoa, atakwambia kwamba angependelea usikichukue, kama haitakuwa taabu. Kwao huko hilo ni kukataa kabisa kabisa. Kwetu sisi wengine lilikuwa upepo tu.

Kazi yake ilikuwa ghala la kupokea mizigo. Hapa lazima niseme jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua baadaye, ingawa nilifanya kazi hatua mia moja kutoka kwake. Shoku za mbele za Redfern, zile za kumeza mitikisiko, na kabureta zake zilifika zikiwa kwenye masanduku yenye maandishi ya Kijapani. Merle na wenzake wawili walizitoa, wakazifuta mafuta, wakazipanga kwenye maboksi mekundu yenye jina la Redfern na bendera ubavuni. Masanduku ya Kijapani yalichomwa moto nyuma ya ghala kabla ya saa nne. Haas, msimamizi wao, aliwaambia hilo ni jambo la ndani. Mimi nilikaa kwenye mstari wa kuunganisha nikizifunga shoku hizo kutwa, nikimlaani Mjapani.

Saa tatu na nusu Lonnie Brubaker alimfuata ghalani. Lonnie alikuwa mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, jitu la mabega na moyo mzuri, mdogo wake, Dale, akiwa mmoja wa wale mia nne walioachishwa kazi mwaka uliopita.

"Merle, bwana, nina jambo. Leo saa sita ni nyundo."

Merle alijua. Kila mwaka tulinunua gari bovu la kigeni kwa mtu wa vyuma chakavu, tukaliweka uwanjani, dola moja kwa pigo la nyundo, na fedha zikaenda kwa walioachishwa kazi. Kina mama walileta keki. Ilikuwa sikukuu yetu.

"Nitatoa dola yangu, Lonnie, kama kawaida. Ila kupiga sitapiga, utanisamehe."

"Sikiliza basi. Mtu wa vyuma chakavu kapiga simu, lori lake limekufa njiani. Na mwandishi wa gazeti anakuja na kamera. Nikawaza, ile yako..." Lonnie alikuna shingo. "Ungeitoa, nani atakusema tena? Ungekuwa shujaa. Mimi nimechoka kukutetea, kaka. Dale ana watoto watatu, anakula kwa mama yetu, halafu kila asubuhi anakuona unapita na kitu cha watu waliomnyang'anya kazi. Unafikiri anajisikiaje?"

Merle aliweka shoku aliyokuwa ameishika juu ya meza. Boksi jekundu lilikuwa wazi mbele yao, na nyuma ya mlango moshi ulikuwa ukipanda. Angeweza kusema shoku ile imetoka wapi. Neno moja tu lingetosha, na mimi mpaka leo najiuliza kwa nini hakulisema. Nadhani alimwonea huruma Lonnie. Mtu kama Lonnie, ukimwondolea hasira ile, atabaki na nini cha kumpa mdogo wake?

"Nasikitika sana kwa ajili ya Dale," alisema. "Mwambie hivyo. Una haki ya kukasirika, Lonnie, na nashukuru umekuja kuniambia usoni. Lakini ile pikipiki ningependelea msiiguse. Ndiyo mguu wangu."

"Kwa hiyo?"

"Ningependelea msiiguse, kama haitakuwa taabu."

Lonnie alimpiga bega, akaondoka akitikisa kichwa.

Saa sita king'ora kikalia, tukajazana kwenye malori madogo mpaka uwanjani. Tulikuwa watu mia na ishirini hivi. Kulikuwa na keki, kulikuwa na nyundo mbili za kilo tano, na hakukuwa na kitu cha kupiga. Mwandishi wa gazeti alikuwa akitazama saa yake. Tuna nusu saa tu ya chakula, na dola tumeshatoa.

"Si ile pale cherehani!" mtu alipaza sauti.

Ilikuwa imesimama peke yake kando ya ukuta, Merle ameifunika kiti kwa mfuko wa plastiki kisilowe.

"Hiyo ni ya Merle," alisema Lonnie. "Nimemwomba. Hakukubali."

"Alisema hapana?"

Lonnie akasita. Alikuwa mkweli, maskini. "Alisema angependelea tusiiguse."

"Angependelea!" Watu waliangua kicheko. "Mheshimiwa angependelea! Leteni kikombe cha chai!"

Hapo ndipo ilipokwisha. Wanne waliibeba kama mbuzi mpaka katikati. Nataka kusema kulikuwa na mmoja aliyepinga, lakini hakuwepo. Lonnie alipewa nyundo ya kwanza kwa heshima ya cheo, akaangalia chini muda mrefu kidogo, akapiga. Baada ya hapo ilikuwa foleni. Mimi nilipiga taa ya mbele. Ilikuwa dola nzuri, nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetapika.

Merle alikuwa ghalani anakula mkate wake na soseji aliposikia makelele. Alitoka saa ile ile. Lakini nusu maili ni nusu maili. Sisi tulipomaliza na kurukia malori kurudi, tulimkuta katikati ya barabara, anauvuta ule mguu, kofia mkononi.

"Rudi, Merle, king'ora kinalia sasa hivi!" dereva wetu alimwambia, akapunguza mwendo. "Ruka nyuma!"

"Siwezi kuruka, asante," alisema Merle, akaendelea kwenda upande tuliotoka.

Tukampita. Alikwenda mpaka uwanjani. Alikaa pale muda gani sijui, kadi yake ilisema tu kwamba alirudi kazini saa saba kasoro dakika mbili, amechelewa dakika ishirini na nane. Mara ya tatu.

Ya ofisini alitusimulia Doris, karani wa Haas, ambaye meza yake iko mlangoni na hakuna kinachompita. Haas alimkalisha Merle kwenye kiti chenye mto. Akamwagia kahawa kwa mkono wake. Akasema vijana wamepitiliza, kweli, damu imewachemka, lakini nia yao ilikuwa safi.

"Gazeti linatoa picha kesho," alisema. "Itapendeza ikionekana umetoa kwa hiari. Doris ameshaiandika, ni mistari miwili. Weka sahihi hapa, na kuchelewa kwa leo hatukukuona. Wala kwa jana. Jumatatu nakuandikia Redfern mpya kwa bei ya mfanyakazi, tunakata kidogo kidogo kwenye mshahara. Utaegesha langoni, mbele kabisa. Umefurahi?"

"Siwezi kuiendesha, bwana Haas. Gia yake inataka vidole."

"Hilo tutaliangalia."

"Na hili kovu la mguu linapasuka nikitembea sana."

"Nimesema tutaliangalia, Merle. Mfikirie Arlene."

Merle alimfikiria. Doris anasema alikaa akiitazama ile karatasi, mikono juu ya magoti, na ungeona midomo yake inahesabu kitu. Kulikuwa na chupa tatu kwenye friji, na chupa moja ni siku kumi. Haas alifungua kalamu, akaiweka mbele yake, akaigeuza vizuri ili mpini uelekee mkono wa Merle.

"Hapana," alisema Merle.

Haas akangoja. Alimjua mtu wake miaka kumi na saba, alijua baada ya neno lile kulikuwa na mkia, kulikuwa na samahani, kulikuwa na asante na kama haitakuwa taabu, na kwenye mkia huo ndipo unapomkamata. Aliinua nyusi kumsaidia.

"Hapana, lakini...?"

"Hapana."

Doris aliacha kupiga taipu. Anasema sauti haikuwa kubwa hata kidogo, ila Haas alirudi nyuma na kiti chake kikagonga kabati. Kisha akaichukua kalamu, akaifunga, akasema kwa ubaridi kwamba Merle amechelewa mara tatu na anajua utaratibu.

Alipita kwetu kwenye mstari akiwa na koti na sanduku lake la chakula, maana njia hiyo ni fupi kwa mguu wake. Mikono yetu haikusimama. Lonnie peke yake aliacha spana, akamfuata hatua mbili.

"Merle, bwana, si wewe. Unajua si wewe. Ni wale."

Merle alisimama akamtazama. Nilingoja amwambie usijali, au asante, chochote, ili na mimi nipumue. Akageuka akaenda. Nyumbani kwake ni maili nne, na mvua ilikuwa imeanza.

Mwezi ule ule bima ikakatwa, na Arlene akaanza kujidunga nusu ya kipimo ili chupa zidumu. Hilo nililisikia dukani, nikajifanya nachagua vitunguu.

Gazeti lilikuwa limetoka kesho yake tu, Jumamosi, picha ukurasa wa kwanza, nyundo hewani na watu wote meno nje. Chini yake waliandika kwamba pikipiki hiyo ilitolewa na mfanyakazi mzalendo ambaye, kwa unyenyekevu wake, hakupenda jina lake litajwe. Mimi ni yule wa pili kutoka kushoto. Mke wangu aliikata picha akataka kuibandika jikoni, nikamwambia aitupe, akaniuliza kwa nini, nami nikamwambia sijapendeza.