Sikio la Hidaya

Sifichi: wivu ninao, na mwaka ule wa hamsini na mbili ulinizidi nguvu. Mume wetu Mfaume, fundi cherehani wa Ng'ambo, alikuwa na wake wawili: mimi Mwanajuma, mke mkubwa, na mwenzangu Maua. Kila mmoja wetu alikuwa na binti wa miaka mitano. Wangu Hidaya, wake Siwema. Hidaya alimtangulia Siwema kuzaliwa kwa miezi miwili, na mimi nilitaka amtangulie kwa kila kitu.

Ndipo serikali ikafungua darasa la watoto wadogo kule Mtendeni. Nafasi thelathini tu, nazo zimegawanywa: nusu wavulana, nusu wasichana, na kila mtaa una fungu lake. Mfaume akarudi na habari kwamba kwa wasichana wa Ng'ambo imebaki nafasi moja.

"Dada, yeyote atakayepata, si mtoto wetu?" Maua akasema.

Maneno matamu hayo! Niliitikia kwa mdomo tu.

Mimi nilijua wanavyopima. Kaka yangu Yahaya alipopelekwa shule aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Akalishika, akaandikwa. Mwenziwe hakufikia, akarudishwa nyumbani. Basi kila asubuhi, Maua akishaenda kisimani, nilijifungia chumbani na Hidaya, nikamkanda bega kwa mafuta ya karanga na kuuvuta mkono wake.

"Inamisha shingo. Vuta. Tena!"

Alilia. Siku ya kumi na mbili vidole vikalipata sikio. Sikumwambia Maua neno. Nilimtazama Siwema na vijikono vyake vifupi, nikaona raha.

Siku ya kuandikisha, Mwalimu Tekla alifungua daftari lake: jina, baba, kabila, dini, mtaa. Umri hakuuliza, maana nani kati yetu alikuwa na cheti?

"Mkono juu ya kichwa," akamwambia Siwema. Vidole vikaishia utosini. Nilibana kicheko.

Ikafika zamu ya Hidaya. Mtoto wangu akainamisha shingo, akalikamata sikio lote, akanitazama akitabasamu.

"Huyu mkubwa," mwalimu akasema. "Anayefikia sikio ni wa darasa la kwanza, na huko wamekwishajaa. Mimi hapa nachukua wasiofikia." Akaandika jina la Siwema.

"Mwalimu, ana miaka mitano! Ni mimi niliyemvuta..."

Maua alikuwa ananitazama, wala hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumatatu Siwema akaondoka na gauni jipya aliloshonewa na baba yake. Hidaya alikaa kizingitini akimwangalia mpaka akapotea kwenye kona. Mkono alikuwa ameupitisha juu ya kichwa, ameshika sikio, kama nilivyomfundisha.

"Mama," akaniuliza, "nikiliachia, watanichukua?"