Shangazi Kwenye Foleni

Selina ndiye aliyekuja na wazo la kuwapikia watu wanaolala kwenye vibaraza vya maduka karibu na stendi. Aliwashawishi akina mama wenzake wa jumuiya pale mtaani Utemini, akatoa sufuria zake mwenyewe, na kila Jumamosi mchana wakawa wanapakua wali na maharage kwa yeyote mwenye njaa. Wenzake walimpenda kwa hilo, naye alijua kwamba wanampenda.

Jumamosi moja ya upepo mkali, Catherine, mwenyekiti wao, alimwonyesha Selina mzee aliyekuwa akitetemeka kwenye foleni. "Hivi huyu hana hata ndugu?"

"Ndugu wapo," Selina alijibu kwa sauti ya kusikika. "Ila watu siku hizi hawana haya. Unamwachaje mzazi alale nje kama mbuzi aliyepotea? Mimi nisingeweza."

Akina mama wakaitikia. Selina akaendelea kupakua, "Shikamoo babu, karibu. Shikamoo bibi," mpaka upawa ukasimama hewani.

Mbele yake alikuwa shangazi yake Agripina, dada wa baba yake, aliyemlea kule kijijini Issuna tangu mama yake alipofariki. Ndiye aliyelima alizeti kwa jembe la mkono ili Selina asome. Sasa alikuwa amekonda, kanga imechanika begani, miguu imepasuka. Miaka ilikuwa imepita Selina hajakanyaga Issuna. Kila mara alisema ataenda baada ya mavuno, baada ya Krismasi, akishamaliza kupaua nyumba.

Shangazi alimkazia macho, uso ukamchanua. Akamsalimia kwa Kinyaturu, akimwita mwanangu.

Catherine akageuka. "Selina, unamjua huyu bibi?"

"Hapana." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. "Simjui."

Shangazi alimtazama kidogo tu. Kisha akainamisha kichwa, akamwambia Catherine kwa Kiswahili, "Mnisamehe mama. Macho yangu yameharibika, nimemfananisha." Akapokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka.

Selina akaendelea kupakua. Wali ulimwagika mezani, hakuuona. Kama shangazi angemtukana mbele ya wote, angalau angepata la kujitetea. Lakini alikuwa amemsitiri, tena kwa uongo, yeye yule yule aliyemchapa utotoni kwa sababu ya uongo.

Hakuweza kuimaliza foleni. Alimpa mwenzake upawa, akamfuata shangazi. Alimkuta kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, anakula polepole. Selina akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Inuka, utachafua gauni."

"Kwa nini hukunitafuta?"

"Nilikutafuta. Nyumba ilianguka kwa mvua, simu yako haipatikani, nikaja. Nikaulizauliza mpaka nikafika getini kwako. Binti wako wa kazi akasema umemkataza kuwafungulia ombaomba. Nikaona nisimtie matatani."

Hakusema kwa kulaumu. Alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Selina aliinuka. Alimshika mkono, wakaanza kurudi kwenye meza ya chakula.

"Tupite huku nyuma," shangazi alinong'ona. "Wenzako watajua."

"Acha wajue."

Walipofika, akina mama wakageuka. "Huyu ni shangazi yangu," Selina alisema. "Ndiye aliyenilea. Nilisema simjui. Nilidanganya."

Hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyemfariji. Catherine alimwamkia shangazi, kisha akainamia sufuria na kuanza kukwangua ukoko.

Nyumbani Selina alichemsha maji, akamwosha shangazi miguu kwa mikono yake. Shangazi alimpa habari za Issuna, nani kaoa na nani kazikwa, kana kwamba hakuna lililotokea. Selina aliitikia bila kuinua uso.

Alipotandikiwa kitanda, shangazi aliuliza kama angeruhusiwa kukaa mpaka Jumatatu.

"Shangazi, hapa ni kwako. Huendi popote."

"Asante sana, mama. Mungu akubariki," akajibu kwa adabu, kama mtu anayemshukuru mwenye nyumba asiyemfahamu. Selina akatoka upesi, akasimama uani ameegemea ukuta, na kwa muda mrefu hakurudi ndani.