Maziwa ya Jumatatu

Mwaka 1934, nyuma ya duka la Jethalal pale Kayanga, palikuwa na kihekalu cha udongo chenye paa la bati. Ndani mlikuwa na jiwe jeusi, na kila Jumatatu Wahindi walilimwagia maziwa. Maziwa yenyewe yalitoka kwa Kokuhirwa, mjane mwenye mdomo mkali. Mwaka wa tatu huo anayaleta. Mungu wetu anakunywa, walimwambia, naye akaona, haya, na anywe.

Siku aliyozunguka nyuma akachungulia, lo! Maziwa ya Bihogo, ng'ombe wake pekee anayekamwa, yanatoka kwenye tundu la ukutani na kufyonzwa na vumbi! Kwao Wanyambo, maziwa yakimwagwa makusudi, ng'ombe hukauka. Na nyumbani wajukuu wawili hawana kingine cha kunywa.

"Weee, Jetha! Unaniulia ng'ombe!"

Jethalal, mtu mpole mpaka anaudhi, alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, kwetu pia ng'ombe ni mama. Siwezi kumdhuru."

Jumatatu iliyofuata alitega beseni la shaba chini ya tundu lile, na hakuna tone lililogusa ardhi. Baada ya sala akayachota maziwa yale, akawagawia waliokuwapo. Kokuhirwa naye akatiliwa viganjani. "Kunywa, mama. Ni baraka."

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza. Kokuhirwa alikuwa amekula maharage asubuhi, na kwao aliyekula maharage hanywi maziwa siku hiyo, asije akamdhuru ng'ombe. Kukataa baraka za watu mbele ya mungu wao ni kuwatukana. Kuyamwaga, ndiyo kabisa! Alisimama viganja vimejaa, ukali wote umemwisha, amebaki na woga mtupu.

"Nimekula maharage," alisema, karibu kulia. "Nikinywa, Bihogo atakauka."

Ndipo mama mzazi wa Jethalal, bibi wa miaka sabini, alipoinuka mkekani. Bibi huyu, kwa mwiko wao, tangu azaliwe hakuwahi kula wala kunywa kutoka mkononi mwa mtu asiye wa ukoo wao. Jethalal akaanza kumzuia kwa Kigujarati. Bibi akampiga kiwiko, akapita.

Akaishika mikono ya Kokuhirwa kwa chini, akainama, akanywa mpaka tone la mwisho. Kisha akaifuta kwa upindo wa sari yake.