Vipimo Vilivyobanwa

Shangazi alichomoa waya wa kompyuta ili achomeke pasi. Hakuuliza mtu. Alitaka kunyoosha kola, na soketi ya karibu ilikuwa ile. Kompyuta yetu haina betri, kwa hiyo ilizimika palepale, nikiwa katikati ya kuingiza vipimo vya mteja. Nilipoiwasha ilisema haiwezi kufungua hifadhidata yenye vipimo vya wateja wote. Nikajaribu tena, ikasema vilevile.

"Si ni waya tu?" Shangazi akasema. "Waya nimerudisha, pasi nimeipeleka soketi nyingine."

Nilimeza maneno ambayo mtu hamwambii dada wa baba yake.

Zamani Mama, ambaye ndiye fundi mkuu wa duka letu la ushonaji, alimpima kila mteja kwa ukanda wa kitambaa, akaukata vijino: cha bega, cha kifua, cha kiuno. Kanda zilijaa ukutani. Mimi ndiye niliyemsumbua mpaka akakubali tuhamishie vipimo vyote kwenye kompyuta. Vyake yeye alikataa katakata. "Mimi usinitie humo," alisema, "nitapotea." Kisha, kwa kuwa hatutupi kitu, kanda zote tulizishindilia kwenye mto wa kiti cha Shangazi.

Na asubuhi hiyo tulikuwa tuanze kukata sare za wauguzi wapya wanaokula kiapo Jumamosi. Wenyewe walishatawanyika kwenye vituo vya kazi, wangerudi siku ya kiapo tu. Mama alikuwa amewapa neno lake, na hajawahi kulivunja.

Hakunigombeza. Alikunja kitambaa cheupe alichokwisha kutandika mezani, akaketi. Afadhali angenigombeza.

"Tupasue mto," Shangazi akasema, mkasi tayari mkononi.

"Kanda hazina majina, Shangazi. Mama alizijua kwa msumari zilipotundikwa."

Akaukalia tena mto wake, amenuna.

Nilibaki na tumaini moja. Kila tunapofunga duka mimi huchukua nakala ya hifadhidata, nikaibana iwe ndogo, nikaiweka kwenye flashi inayoning'inia pamoja na futi za kupimia. Ila sikuwahi kujaribu kuirudisha.

Nilichomeka flashi, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kwanza nilikagua kama faili ni zima:

gunzip -t vipimo.sql.gz

Halikujibu kitu.

"Limekataa," Mama akasema nyuma yangu. Sikujua alisimama saa ngapi.

"Hapana, Mama. Hili likinyamaza ndiyo limekubali. Likiongea ndipo uogope."

"Kama kaka yangu vile," Shangazi akasema.

Nikaandika amri ya kulifungua faili na kumimina yaliyomo kwenye hifadhidata mpya. Safari hii liliongea. Nilitaka kuipiga meza ngumi. Nikasoma polepole: hakuna hifadhidata yenye jina hilo. Kumbe nilikuwa namimina bila kutega chombo. Nikaunda kwanza hifadhidata tupu, ile iliyoharibika sikuigusa, nikarudia:

gunzip -c vipimo.sql.gz | mysql vipimo_mpya

Kialama cha kuandikia kikawa kinawaka na kuzima. Shangazi akazima pasi bila kuambiwa. Kisha mstari mpya ukatokea, kimya kabisa.

"Iulize vipimo vya Twiga," Mama akasema. Twiga ni muuguzi mmoja mrefu kupita wenzake wote.

Niliandika. Vikaja kifua, kiuno, urefu wa mkono, na kila nilichosoma Mama alitikisa kichwa kukubali.

"Na bega la kushoto?"

"Limeshuka kidogo kuliko la kulia," nikasoma.

"Limeshuka," Mama akasema, akaanza kucheka. Mimi nilikuwa nimeshamkumbatia Shangazi na mkasi wake. Furaha ile sikujua niiweke wapi.

Kitambaa cheupe kilitandikwa upya. Tulikata mchana kutwa, mimi nikisoma vipimo kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi, Mama akichora chaki, Shangazi akikata. Jioni vipande vya wauguzi wote vilikuwa vimepangwa mezani, hakuna aliyekosa.

Nilipotaka kuchukua nakala ya siku hiyo, Mama alinishika bega. Akavua futi shingoni, akanipa.

"Kabla hujaibana," akasema, "nitie na mimi humo."

Akainua mikono, nikampima.