Nguo za Sanduku la Mama

"Mvueni nguo zote," daktari Hesbon alisema. "Hata hiyo leso."

Mama yangu aliing'ang'ania leso kana kwamba anaporwa. Mwanangu Zahoro hakuwa ametimiza wiki mbili tangu azaliwe. Macho yake yalikuwa yamegeuka rangi ya binzari, na mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai iliyochemka mno. Tangu alfajiri alikuwa amekataa kunyonya.

"Inanuka naftalini," daktari akasema. "Mmemvika tangu lini?"

Nilikuwa nimekwenda kwa mama, Majoreni, kukaa arobaini yangu. Mama alikuwa na sanduku ambalo mimi, mtoto wa kike, sikuwahi kufunguliwa. Ndani mlikuwa na nguo alizowavika kaka zangu, Matano na Alamin, walionitangulia kuzaliwa na wasifike arobaini. Tangu mimba yake ya kwanza alizitunza kwa vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu. Alipoambiwa nimepata mwana wa kiume, alilia kwa furaha, akalifungua.

Wauguzi walipokuwa wakihangaika kutafuta damu, daktari alinieleza. "Chembe nyekundu za damu zina kinga yake, na ya mwanao ni dhaifu. Jeni inayotoa agizo la kuitengeneza iko kwenye kromosomu ya X. Wewe unazo mbili, moja ikiwa mbovu nyingine inakufaa. Mtoto wa kiume ana moja tu, na huipata kwa mamake. Angeweza kuishi miaka mingi bila kujua chochote. Naftalini ndiyo iliyomvunja damu."

"Na mimi nimeipata kwa nani?"

Nilitamani kuyameza maneno hayo. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Damu ilipatikana adhuhuri. Nilikaa nikimtazama kifua kikipanda na kushuka, nikiogopa hata kupepesa macho. Magharibi ilipoadhiniwa alilia kwa njaa, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti hadi wodi nzima ikageuka. Leo anasoma chekechea na ni mtundu ajabu, lakini hadi sasa sinunui nguo ya mtumba kabla ya kuinusa.

Tulikaa siku kadhaa hapo hospitali ya Msambweni. Mtoto alipotolewa chini ya taa ya buluu ya kutibu manjano, mama akamgeukia daktari.

"Na wale wangu, daktari? Nao walikuwa manjano."

Daktari alinitazama mimi. Nilimwonea mama huruma.

"Zama zile malaria ilikuwa nyingi, mama," nikasema haraka. "Au sivyo, daktari?"

"Ilikuwa nyingi," akajibu, akainamisha kichwa.

"Malaria," mama akasema taratibu. "Matano alikufa hajakatika hata kitovu, mwanangu. Mbu gani huyo?"

Nilimsogezea mjukuu wake ampakate, akaificha mikono ndani ya buibui. Nikamlaza mapajani mwake hivyo hivyo, nikatoka kwenda kunawa uso.