Fimbo ya Maitena ya Kuvulia

Haya nimeyasikia kwa Eleuteria mwenyewe, jirani yangu, juzi ile mvua iliponyesha tangu asubuhi. Mvua ikinyesha kwetu mtu hakai bure, anakanda unga. Basi alikuja na bakuli lake tukakaanga maandazi jikoni kwangu, na tangu andazi la kwanza hadi la mwisho hakuzungumza kingine ila fimbo ya kuvulia samaki.

"Nimechoka, dada yangu," aliniambia. "Nimechoka hadi kwenye kucha."

Nikamwambia kaa, sema. Mimi sina haraka.

Mumewe ni Anselmo. Kila mwaka, Wiki Takatifu ikifika, Anselmo hupakia mtumbwi na wajukuu akavuka mto Paraná kwenda kisiwani. Hulala chini ya turubai, huvua, na Ijumaa Kuu hula samaki waliowatoa wenyewe majini. Ana sheria moja: mtumbwini hapandi mtoto ambaye hajavua samaki kwa mkono wake, pasipo mtu mwingine kugusa fimbo wala mshipi. "Kisiwani si chekechea," ndivyo asemavyo. Lautaro, mjukuu wake mkubwa, alifaulu zamani, kwa mshipi uliozungushwa kwenye kopo la maziwa. Maitena, binamu yake, ana miaka tisa, na Pasaka iliyopita na ya kabla yake alibaki ukingoni akiupungia mkono mtumbwi mpaka ukapotea. Safari hii alimwambia bibi yake kwamba akibaki tena hatampungia mtu. Alisema hivyo bila kulia, na huko kutolia ndiko kulikomtisha Eleuteria.

Kopo Maitena alishalijaribu. Mshipi ulimkata kidole hadi nyama ikaonekana. Mama yake, Griselda, ambaye ni muuguzi kule Santa Fe, alipokiona kidole alisema kopo basi. Mtoto atafutiwe fimbo yenye kigurudumu, kile kidude cha kukunjia mshipi, ya bei ndogo, ya mtu anayeanza. Jambo dogo hilo, au siyo? Ngojeni.

Ya kwanza aliileta Griselda mwenyewe, kutoka dukani wanakouza sabuni na vyungu. Ilikuwa ya waridi, ina picha ya mwanasesere, urefu wake kama mwiko wa uji. Kigurudumu chake kilifunikwa kama yai, kina kitufe: unabonyeza, mshipi unatoka. Maitena akabonyeza, akarusha. Chambo kikamwangukia juu ya kiatu.

"Hiyo ni ya kuvulia mchuzi," akasema Lautaro. "Sogeza sufuria, vua tambi."

"Nyamaza wewe, kichwa cha boya!"

Akarusha tena, na tena, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka hendeli ikachomoka ikaruka mtoni. Iliyokwenda mbali siku ile ni hendeli peke yake.

"Si nilisema?" akasema Anselmo, na alikuwa hajasema kitu. Akaingia bandani akatoka na fimbo yake ya zamani, ile aliyovulia surubi, kambare wakubwa wa mto huu, enzi za ujana wake. Ndefu kama nguzo ya kuanikia nguo, na kigurudumu chake, pipa la chuma, hukaa juu ya fimbo. "Hii ni fimbo. Atakua nayo."

"Atakua lini, mzee? Pasaka ni wiki ijayo," Eleuteria akamwambia.

"Mtoto akizoea kizito, chepesi hakimshindi."

Maitena aliishika kwa mikono miwili, ikamvuta mbele kama mbuzi mkaidi. Aliporusha, lile pipa lilizunguka kwa kasi kuliko mshipi ulivyotoka, na mshipi wote ukavimba juu yake, kitu kile ambacho wavuvi wa huku hukiita wigi. Anselmo akasema leta hapa. Akakaa akalichambua lile wigi uzi kwa uzi, akamaliza, akarusha mwenyewe kuhakikisha. Akapata samaki. Akarusha tena. Saa ya chakula ilipofika Maitena alikuwa ameketi nyuma yake akichora udongo kwa kijiti.

"Nilimtazama mtoto, nikamtazama yule mzee alivyofurahi," Eleuteria aliniambia, "nikatamani kumsukuma mtoni na fimbo yake."

Kesho yake alimshika Maitena mkono wakaenda dukani kwa Wernli, anayeuza vifaa vya uvuvi karibu na gati. Anselmo akawafuata bila kualikwa. Wernli alianza na fimbo nyeusi inayong'aa, ya kutoka ng'ambo.

"Hii, Bi Eleuteria, inavuta samaki wa kilo ishirini."

"Kilo ishirini ndiye mjukuu wangu mwenyewe. Nitolee fimbo ya mkono huu." Akaunyanyua mkono wa Maitena akauweka juu ya kaunta. "Ya bei ya viatu vya shule, isizidi. Viatu tunavinunua kila mwaka na hatufi."

"Zipo za bei hiyo, lakini..."

"Hiyo lakini yako iweke kabatini. Leta fimbo."

Wernli akaleta, na Eleuteria hakuziangalia, alimpa mtoto. Ya kwanza Maitena aliishika na ncha ikainama sakafuni yenyewe, nzito, irudi. Ya pili ilikuwa nyepesi, ila walipomwambia akunje kidole kwenye mshipi kabla ya kurusha, kidole hakikufika, irudi. Ya tatu ilimpita kimo kwa shibiri moja, ya vipande viwili, ncha yake laini inayoinama ukiigusa, na kigurudumu kidogo, wazi kwa mbele, chenye kiduara cha waya unachokifungua kwa kidole. Eleuteria akaizungusha hendeli karibu na sikio. Haikulia. Akaivuta pembeni, haikucheza. Ule mshipi uliokuja nayo ulikuwa umekakamaa kama waya wa ua, akamwambia Wernli autoe auweke mpya, wa unene wa kawaida, na asiujaze mpaka mdomoni.

"Kumbe unajua kuvua, bibi?" Wernli akacheka.

"Nimekaa na mvuvi miaka arobaini. Najua kinachoharibika."

Maitena aliibeba ile fimbo mpaka nyumbani kama mtu abebaye mshumaa kwenye upepo.

Mngesema hapo yamekwisha. Yangekwisha, kama si Anselmo.

Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya Matawi, walishuka ukingoni asubuhi, wao wanne. Anselmo ndiye aliyeifunga ile fimbo. Na kwa kuwa kigurudumu cha maisha yake yote hukaa juu ya fimbo, hiki nacho alikigeuza kikae juu, hendeli ikawa upande wa kulia. "Mkono wa kulia ndio wa kazi," alimwambia mtoto. "Zungusha hivi."

Kuzungusha hivyo kulikuwa kuzungusha kinyume. Mshipi ulilegea, ukajisokota, ukajifunga kwenye fimbo yenyewe. Samaki akagonga, ncha ikatikisika, Maitena akazungusha, na kilichokuja ni vifundo.

"Leta hapa!" Anselmo akanyakua fimbo, akauvuta mshipi kwa mkono, akatoa kambare mzuri tu.

"Huyo hahesabiwi," Lautaro akasema. "Babu umegusa."

"Najua nimegusa!"

Wakafungua vifundo. Akarusha tena, na kurusha mtoto alikuwa anarusha vizuri, hata Lautaro aliacha mzaha akaangalia. Samaki akagonga, mshipi ukajisokota, leta hapa, fimbo ikanyakuliwa, mshipi ukakatika na huyu wa pili akaenda zake na ndoana.

"Babu, niache mwenyewe!"

"Nikuache uiharibu? Unazungusha kama mtu anayesonga ugali!"

"Nazungusha ulivyonifundisha!"

Hapo Maitena akaitupa fimbo kwenye majani. "Siitaki. Rudisha dukani, ninunuliwe viatu." Akaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amewapa mgongo, na mabega yake hayakutikisika hata kidogo. Eleuteria akajua ni lile lile la kutolia. Jumatatu Griselda angekuja. Jumatano mtumbwi ungeondoka. Na hakuna samaki atakayetoka kwa mkono wa mtoto yule maadamu mikono ya babu yake iko mitupu.

Basi akamtilia kitu mikononi.

"Mzee," akasema kwa sauti ya asali, "moto umeshika. Leo mimina wewe, yangu huwa unasema haina ladha."

Akampa birika na kibuyu cha yerba, yale majani tunayoyamiminia maji ya moto tukanywa kwa mrija. Anselmo hawezi kukataa. Anaamini hakuna amiminaye kama yeye tangu hapa mpaka Corrientes. Na desturi tunaijua sote: kibuyu ni kimoja, mrija ni mmoja, anayemimina ni mmoja, na akishaanza haliachi birika mpaka wanywaji wote waseme asante. Asiyesema asante anataka kingine. Ukiliacha birika mtu bado anakunywa, umemfukuza.

Eleuteria akanywa, akarudisha kibuyu. Hakusema asante. Lautaro naye akanywa, akarudisha.

"Maitena," Eleuteria akaita bila kugeuka, "hiyo fimbo haiwezi kulala chini, itakanyagwa. Iokote."

Mtoto akaiokota kwa kununa. Akakaa nayo juu ya ndoo, akaigeuza huku na huku jinsi mtu anavyolitazama tunda lenye mdudu. Akaishika kigurudumu kikining'inia chini. Hendeli ikawa kushoto. Akaizungusha mbele, polepole, na mshipi ukaingia mahali pake, umenyooka, kimya. Akainuka. Akatia chambo, akarusha.

"Umekipindua!" Anselmo akapiga kelele. "Kigurudumu hakikai chini! Na kushoto ni mkono wa wapi?"

"Mzee, kibuyu kitupu," akasema Eleuteria.

"Huoni anavyoshika?"

"Naona. Mimina."

Akamimina. Eleuteria akanywa. Anselmo akainua tako kutaka kwenda, mkewe akamrudishia kibuyu. Akamimina, mkewe akanywa. Lautaro alitaka kusema asante, bibi yake akamkanyaga mguu, mtoto akanywa huku macho yamemtoka. "Tumbo langu lilikuwa ngoma, dada," aliniambia, "ukinigonga nalia. Lakini neno lile sikulitoa."

Ncha ikainama.

Haikutikisika kidogo kama mara zile, iliinama ikabaki imeinama. Maitena akarudi nyuma hatua, akazungusha. Mshipi ukaingia.

"Inua! Inua ncha!" Anselmo alikuwa amepiga goti moja, birika hewani. "Usimlegezee! Mama yangu, anamlegezea! Nishikie birika hili!"

"Bado ninakunywa," akasema Eleuteria.

"Utapasuka, mwanamke!"

"Nipasuke. Mimina."

Maji ya moto yakammwagikia kidoleni, akalaani, lakini birika hakuliacha. Mtoto akavuta, akapumzika, akavuta, kwa mkono wake wa kushoto, mpaka kambare wa manjano akatokea kwenye matope, akaburuzwa juu ya majani, anapiga mkia. Hakuwa mkubwa. Urefu wake kama mkono wa Maitena kutoka kiganja hadi kiwiko. Hakuna aliyemgusa ila yeye.

Eleuteria akarudisha kibuyu. "Asante," akasema. Na Lautaro naye, "Asante, asante!" akakimbilia kichakani.

Anselmo alimtazama samaki, akaitazama fimbo. "Mdogo," akasema. Basi. Akamwaga yerba, akabeba birika, wakarudi nyumbani.

Walimkaanga samaki, wakala, wakalala ule usingizi wa mchana ambao mji mzima hulala, hata mbwa. Lautaro alilala wa kwanza. Maitena aliingia kitandani na fimbo. Eleuteria alilala chali akimsikia chumba cha pili akizungusha hendeli, kre, kre, kre, polepole, halafu kimya. Kando yake Anselmo alikuwa anatazama dari.

"Bibi wee," akasema mwishowe.

"Nini?"

"Yule mtoto ana koti la mvua? Kisiwani alfajiri kuna baridi."

"Lipo."

"Awe tayari mapema. Simngojei mtu." Akageukia ukutani. "Na kushoto bado si mkono."

Akakoroma papo hapo. Eleuteria alikuwa na yerba yote ile tumboni. Akaamka kwenda chooni, akarudi, akaamka tena, na kila akipita mlangoni aliiona ncha ya fimbo imechomoza kwenye shuka. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kabati usingizi ulipomchukua naye.