Sahani ya Watu Wawili

Mdogo wangu Nassoro alirudi Msimbati akiwa nusu ya mtu tuliyemzoea kwenye picha. Kule Maskati, alikokuwa mpishi wa tajiri mmoja, alinenepa mpaka miguu ikashindwa kumbeba na sukari ikapanda. Tajiri wake, Mungu amlipe, akampeleka Bombei wakamkata tumbo. Sikuelewa hadi aliponionyesha kwa ngumi kwamba pale pa kuwekea chakula wamemwachia padogo, kama yai la kuku. Huo ulikuwa mwaka 2006.

Mama yetu, Bi Mwanaisha, alikuwa amezibandika zile picha ukutani, na kila mgeni alionyeshwa mashavu ya mwanawe. Nassoro aliposhuka kwenye gari huku shati likimpepea, mama alimshika uso, akamshika mabega, kisha akaingia jikoni kulia. Majirani walikuja kusalimia na kumtazama shingo. Miaka ile mtu akirudi kutoka mbali amekonda, kila mmoja alikuwa na jibu lake mfukoni, na jibu lilikuwa lile lile. Mimi nina mdomo, wananijua. Niliwaambia wenye wasiwasi waje wamfunue tumbo wahesabu mishono. Hakuna aliyekuja.

Nassoro alinieleza kuwa daktari wake alimwambia shibe ya zamani imekufa, ajifunze nyingine. Hii mpya haina raha. Pumzi inakwama chini ya kifua, pua inachuruza kidogo, na hapo ndipo mwisho. Tonge moja zaidi ni maumivu na kutapika.

"Tabu yangu, dada, hata ile ya zamani sikuwahi kuijua," aliniambia. "Mimi nilikuwa nashiba sinia likiisha."

Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Tulikuwa watoto saba kwenye sinia moja, miaka ya ugali wa makopa ya muhogo na ming'oko ya kuchimba porini. Hakuna aliyeacha kula kwa sababu tumbo limemwambia aache. Uliacha vidole vilipogonga bati. Watu husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi hata huyo mwenye shibe tusingemtambua, hata angekaa nasi mkekani.

Siku ya kwanza mama alipika wali wa nazi na changu wa kukaanga, akamkataza kabisa Nassoro asiende kula barazani na wanaume. Alimtaka pale, kwenye sinia la nyumbani, yeye na mimi na wanangu watatu niliorudi nao baada ya kuachika. Nassoro alitafuna taratibu kama alivyofundishwa. Baada ya matonge machache nikamwona ameshusha pumzi, mkono umesimama. Watoto nao wakasimamisha mikono. Kwetu mkubwa akinawa, mdogo haendelei kula, na wanangu nimewalea kwa adabu hiyo, kwa fimbo pale ilipobidi. Nassoro akawatazama wale watoto wenye njaa mbele ya sinia lililojaa. Akarudisha mkono akaendelea.

Hakumaliza. Aliinuka akakimbilia nyuma ya ua, nasi tukamsikia wote.

Ikawa hivyo kesho yake, ikawa hivyo keshokutwa. Mama alidhani kosa ni la chakula. Akapunguza nazi, akaacha pilipili, akabadili samaki. "Kimemtoka tena," alikuwa akiniambia jikoni kwa sauti ndogo, kana kwamba yeye ndiye aliyemtapisha. Nilimweleza habari ya tumbo mpaka nikachoka. Alinisikiliza, kisha akapika vingi zaidi.

Basi nikaamua mwenyewe. Nikachukua sahani ndogo ya kikombe cha chai, nikampakulia Nassoro chakula chake pembeni. Mama alipoiona alinyanyua uso taratibu.

"Unantengea sahani nduguyo? Ana kifua kikuu? Ana ukoma?"

"Mama, asijilazimishe kula kwa ajili ya watoto. Anaumia."

"Mgeni ndiye anatengewa. Na ngonjwa wa kuambukiza. Huyu nimenzaa mimi."

Hakusema nami mpaka siku ya pili. Siku hiyo, nilipomwekea Nassoro kisahani chake, mama aliacha sinia, akauburuta mkeka wake hadi kwa mwanawe, akatia mkono kwenye kile kisahani. "Ntoto wangu hatakula peke yake nami nipo hai," alisema, na mjadala ukafungwa.

Sitasema uongo, ile ilikuwa miezi mizuri. Watoto wangu walikula sinia lao bila kumtazama mtu, na wale wawili walikaa pembeni magoti yakigusana, mikono miwili kwenye kisahani ambacho paka angekiona kidogo. Mama hakuuliza tena habari za Bombei. Alimtazama tu mwanawe. Sijui alikuwa akitazama nini, koo au mabega au jicho, lakini Nassoro akiwa anataka tonge jingine, mama alikuwa akimshika kifundo cha mkono.

"Basi, baba. Umeshiba."

"Bado, mama."

"Umeshiba."

Na kweli alikuwa ameshiba. Hakutapika tena. Akaanza kwenda barazani kwa mazungumzo, akarudisha rangi usoni, na majirani wenye majibu mfukoni wakatafuta mtu mwingine wa kumtazama shingo. Nilimtania mama kwamba amemzaa mara ya pili, akanijibu kwamba mara hii hakuumwa uchungu.

Msimu wa mabibo ulipofika, kisahani kikaanza kurudi na chakula. Mwanzoni kidogo, baadaye karibu nusu. Tulimtazama Nassoro. Nilimuuliza kama ana maumivu, akasema hana. Nikampikia uji wa mchele. Jirani mmoja akaleta dawa ya mizizi kwa ajili yake. Nyumba nzima tulikuwa tunachunga mdomo mmoja, na mama ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu, amejifunga kanga zake mbili nzito, anasema huyu anakula vizuri, mwacheni.

Halafu siku moja asubuhi alikwenda kisimani, akakaa chini njiani, akashindwa kuinuka. Nassoro ndiye aliyembeba. Alimnyanyua kwa nguvu za kumnyanyua mtu mzima, karibu aanguke kwa nyuma. Mama hakuwa na uzito.

Hospitalini mjini, daktari alimbonyeza tumbo, akambonyeza tena. Uvimbe ulikuwa mkubwa na wa siku nyingi. Alituuliza bibi ameacha kula tangu lini.

Mimi na Nassoro tulitazamana. Kwenye chombo cha watu wawili huwezi kujua ni mkono upi unaobakiza.

"Matonge yake yalikuwa madogo," Nassoro alisema mwishowe, akiniambia mimi, si daktari. "Nilidhani ananiachia. Nikimwambia ale, ananiambia kula wewe, mimi nimeshiba."

Maneno hayo ndiyo yaliyotulea. Kila sinia lilipokuwa dogo, mama alikuwa ameshiba. Alishiba miaka yote ya utoto wetu, nasi tulijua kuwa si kweli, tukala. Safari hii yalikuwa kweli, na mwanawe hakuyatilia maanani.

Mama hakuumaliza msimu ule wa mabibo. Tulimzika Msimbati, watu wakaja, wakapika, wakala, matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwake. Sikulia sana mbele za watu. Nililia jikoni, maana hapo ndipo mama alipokuwa akilia na ndipo nilipojua pa kulilia.

Baada ya wageni kuondoka nilipika wali na mchuzi wa pweza. Nikampakulia Nassoro kwenye kisahani kile kile, nikaketi karibu naye. Alikula polepole. Alifika mahali akaacha, mkono ukabaki hewani, vidole vina wali. Pua ilikuwa inamchuruza, lakini machozi pia yalikuwa yanamtoka, kwa hiyo pua haikusema kitu. Alinitazama, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni.

"Dada, hivi nimeshiba?"

Nilimtazama koo. Nilimtazama mabega, nikamtazama jicho. Nilitafuta kile alichokuwa anakiona mama, sikukiona.

"Sijui, mdogo wangu."

Akaingiza mkono kwenye kisahani, akafinyanga tonge jingine.